Mzee Buluu, Mtia Rangi Viini

Mjomba wangu ana vidole vya buluu. Si ugonjwa, ni kazi. Ametia rangi vinyama vya wagonjwa katika maabara ya hospitali yetu tangu mimi nikiwa mtoto wa kupakatwa, na rangi ile ikishaingia chini ya kucha haitoki kwa sabuni, kwa ndimu wala kwa maombi. Hospitali nzima inamwita Mzee Buluu. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua yeye na karani wa mishahara, na karani naye hana uhakika.

Mimi ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, na yeye ndiye aliyeniingiza kazini. Watu walisema nimebebwa. Ni kweli nilibebwa, lakini nilipofikishwa nilishushwa chini nikaambiwa nitembee. Kazi yangu ni kukata. Daktari akimtoa mgonjwa kipande cha nyama, tunakikausha maji, tunakizamisha kwenye nta mpaka kinakuwa kibonge kama kipande cha sabuni ya kuogea, kisha mimi nakikata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Navilaza juu ya vioo vidogo. Hapo bado hakuna cha kuona. Kuviweka chini ya hadubini kabla ya rangi ni kuangalia maji ndani ya maji. Ndipo Mzee Buluu anapovichukua.

Ngoja niseme kidogo kuhusu kinachotiwa rangi, maana bila hicho habari hii haisimami. Kila seli ina kiini, na ndani ya kiini kuna uzi wa urithi, ile DNA inayotajwa redioni watu wakigombania mtoto. Uzi huo ukiunyoosha unampita mtu mrefu kwa kimo, na kiini chenyewe huwezi kukiona kwa macho. Sasa unaingiaje? Seli imeuzungusha kwenye vifundo vya protini, ikaukunja, ikaukunja tena. Uzi pamoja na vifundo vyake ndiyo kromatini. Wengi wakisikia hivyo wanasema, aa, kumbe ni sanduku la kuhifadhia tu. Mjomba alilichukia sana neno hilo, tu.

“Sanduku halichagui nguo,” alikuwa akiwaambia wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu. “Kromatini inachagua. Seli ya ini na seli ya jicho zina uzi uleule, herufi kwa herufi. Tofauti ni wapi pamelegezwa na wapi pamekazwa. Palipolegezwa panasomwa, panafanya kazi. Palipokazwa pananyamaza. Ini likianza kusoma kurasa za jicho, huna ini na huna jicho.”

Wanafunzi waliandika. Kisha angewaeleza kwamba kromatini ndiyo inayoukinga uzi usikatike ovyo, na kwamba seli ikitaka kugawanyika, kromatini inajikaza kuliko kawaida, inakuwa vijiti vifupi viitwavyo kromosomu, ili kila mtoto apate fungu lake kamili bila kuvutana mashati. Mwisho aliwaambia alichokipenda kuliko vyote. “Na jina lenyewe ni letu, watia rangi, maana kroma kwa Kigiriki ni rangi. Walioipa jina hawakujua inafanya kazi gani. Walijua tu kwamba inapenda rangi.” Hapo yeye mwenyewe alilitumia lile neno, tu, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kumkumbusha.

Namna yake ya kazi ilikuwa ya zamani. Kwenye meza ndefu ya dirishani palikuwa na mitungi ya kioo iliyopangwa mstari. Vioo viliingia kwenye buluu vikakaa mpaka vimelewa, kisha vikachovywa kwenye spiriti yenye asidi ili buluu ya ziada itoke na ibaki ya kwenye viini peke yake. Hapo kwenye asidi ndipo fundi hujulikana. Ukitoa mapema, kila kitu ni cheusi. Ukichelewa, umefua mpaka mgonjwa mwenyewe ametoweka. Wengine hutumia saa. Mjomba alitumia jicho. Alichovya, akatazama kwenye hadubini, akachovya tena, akatazama, akasema, “Haya, wametulia.” Alisema hivyo kila mara, kana kwamba amewalaza watoto.

Anayesoma vioo vikishakamilika ni daktari wetu wa patholojia, mama mwembamba, mpole, anayeandika majibu kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto kwa miguu. Anatazama kromatini. Kwenye seli iliyotulia, kromatini ni chembe ndogondogo zilizosambaa sawasawa, kama unga uliochekechwa. Kwenye seli iliyoasi inakuwa mabonge, nyeusi hapa na tupu pale, na ukingo wa kiini unakuwa na makunyanzi. Kati ya hizo mbili kuna nchi kubwa ya mashaka, na daktari wetu amejenga nyumba humo. Majibu yake yote yana neno huenda. Huenda ni uvimbe wa kawaida. Huenda ni mwanzo wa saratani, rudieni kipimo. Tukamwita Daktari Huenda. Siku moja niliteleza ulimi nikamwita hivyo mbele yake. Akasema, “Huenda nimezoea.”

Mwaka jana vioo vikaanza kuwa vyeusi. Havikufanya hivyo kwa siku moja. Vilikoza pole pole, mpaka tukafika mahali ambapo kila kiini kilikuwa doa la wino, cha mzima na cha mgonjwa, na chembe za ndani hazionekani. Wagonjwa walioitwa kurudia kipimo wakaongezeka, wakajaa kwenye benchi la korido. Daktari Huenda akaja mezani kwa mjomba.

“Mzee wangu, huenda rangi imekuwa na nguvu kidogo siku hizi.”

“Rangi ni ileile, daktari. Labda wagonjwa ndio wamebadilika.”

Akaondoka. Tukaanza kutafuta mchawi. Kwanza tulishuku muuza rangi, kwa sababu chupa mpya zilikuja na kibandiko kipya. Chupa zikarudishwa, zikaja nyingine, weusi ukabaki. Kisha tukashuku maji, kwa kuwa ni maji ya bomba yanayoikomaza ile buluu. Mimi ndiye niliyeshikilia sana habari ya maji, nikaisema mpaka kwenye kikao. Fundi bomba akaja, akabadilisha koki, akatuachia tone ambalo linadondoka hadi leo. Kisha mjomba mwenyewe akalalamikia taa ya hadubini. Taa mpya ikaletwa. Akasema hata hiyo ni hafifu. Kiongozi wa maabara akaahidi kuandika barua.

Hakuna aliyesema kwamba labda ni mkono wa fundi. Nusu ya watu wa jengo lile walifundishwa naye kushika kioo, na kusema Mzee Buluu anakosea ilikuwa sawa na kusema saa ya ukutani pale mapokezi inakosea. Saa hiyo kweli inakosea, na hakuna anayesema.

Mambo yakiwa hapo, wifi yangu akaanza kutoka damu siku zisizo zake.

Wifi ni mke wa binamu yangu, fundi wa friji, mtoto pekee wa mjomba. Mke wa mjomba alitangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo nyumba ile ni ya watu watatu: mjomba, mwanawe na mkwewe. Wifi anapiga pasi kwenye duka la dobi, na siku kazi ikimzidi analeta nguo nyumbani. Ana adabu ya kuudhi. Akimpa baba mkwe kikombe anakipa kwa mikono miwili, akiitwa anaitika kabla jina halijaisha. Ndoa yao ilikuwa na miaka kadhaa, na mtoto bado. Alikuwa ameshatenga droo moja ya kabati kwa ajili ya nguo za mtoto, na kila nilipokwenda droo ilikuwa imeongezeka kitu. Hakuwa akiionyesha. Mimi ni mtu wa kufungua droo.

Kliniki ikamkata kipande kwenye mlango wa kizazi. Kikaja kwetu kikiwa na namba bila jina, kama vinavyokuja vyote. Nilikikata bila kujua, mjomba akakitia rangi bila kujua. Daktari Huenda akaandika: huenda ni saratani, viini vyeusi sana, rudieni kipimo kabla ya hatua yoyote.

Wifi alipoleta majibu nyumbani, mjomba aliuliza namba akaishika kichwani, akaja kazini asubuhi, akamwagiza mwanafunzi amtafutie kile kioo kabatini, akakitazama. Akakaa pale dakika nyingi. Kisha akafanya ambalo baba yeyote mwenye uwezo angefanya. Alikwenda kwa daktari mpasuaji, rafiki yake wa siku nyingi, akamwomba asiwaweke kwenye foleni. Mpasuaji akampa nafasi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Habari ya kurudia kipimo ikarukwa kwa heshima ya Mzee Buluu. Kizazi kitoke chote, kabla ugonjwa haujatembea.

Siku hiyohiyo aliwaita mwanawe na mkwewe sebuleni. Mimi sikuwepo, nilihadithiwa na binamu. “Nimeiona mwenyewe,” mjomba akawaambia. “Rangi haidanganyi. Kubali, mwanangu.”

“Sawa, baba,” wifi akasema, akaenda jikoni kuepua sufuria.

Niliposikia nililia. Naandika hivi wazi kwa sababu sisi watu wa maabara hudhaniwa hatulii. Nililia nikiwa nimekaa kwenye mashine ya kukata, na vipande vya asubuhi ile vilitoka vimejikunja vyote.

Jumapili nilikwenda kuwaona. Mjomba ana desturi yake: mgeni akija, chai anamimina yeye mwenyewe, hata kama nyumba ina watu wazima kumi. Wifi alileta chupa na vikombe kwenye sinia, akachuchumaa kando ya meza. Binamu alikuwa amejikunyata kwenye kochi kama mtu aliyenyeshewa. Mjomba akainua chupa. Nikauona mkono wa wifi. Ulikuwa umeshika ukingo wa sahani, na chupa ilipoinama, ule mkono ukakisogeza kikombe, taratibu, mpaka kikakaa chini ya mdomo wa chupa. Chai ikaingia. Ilipokaribia kujaa, wifi akakohoa kidogo, na mjomba akainua chupa. Kikombe cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile.

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mjomba aliendelea kueleza habari za mpasuaji, kwamba ni mtu mwenye mkono mwepesi. Mimi chai ile niliinywa bila kujua ina sukari au haina.

Nikamfuata wifi jikoni.

“Wifi, tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Unakimbiza kikombe.”

Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. “Tangu mvua za mwaka jana,” akasema. “Alianza kulikosa tundu la funguo, nikawa namwachia mlango wazi. Soksi namfungia mbili mbili asichanganye. Gazeti akilishika nikimuuliza kuna nini, anasema hakuna jipya.”

“Na mumeo?”

“Mume wangu anaona friji tu.”

“Hukumwambia mtu?”

“Nimwambie nani? Nitoke nikatangaze baba mkwe wangu haoni?”

“Wifi. Baba mkwe wako anafanya kazi gani?”

“Anatia rangi.”

“Na anajuaje kwamba rangi imetosha?”

Mkono ukasimama kwenye sufuria. “Anaangalia,” akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, “Nililiwaza, wifi. Usidhani sikuliwaza. Lakini nikisema, si wataniona namsingizia mzee wa watu ili nisipasuliwe?”

Nilikasirika nikatamani kumpiga na mwiko. Adabu ni kitu kizuri, lakini adabu haizai. Nikamwambia hivyo. Akasema, “Sawa, wifi,” kwa adabu.

Jumatatu niliwahi kazini. Uzuri wa nta ni kwamba haisahau. Kipande cha nyama kikishazamishwa humo kinakaa miaka. Nikatoa kibonge cha wifi kabatini, nikakata vipande vipya, nikavitia rangi mimi mwenyewe. Kwenye asidi sikutumia jicho, nilitumia saa, maana jicho langu siku hiyo lilikuwa na upande. Kisha nikampelekea Daktari Huenda habari, kabla ya kumpelekea kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

“Huenda nililijua,” akasema.

“Basi mwambie.”

“Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha hadubini nilipokuja hapa mwanafunzi. Mwambie wewe. Wewe ni damu yake.”

“Wewe ni mkubwa wake wa kazi.”

“Damu,” akasema, na sijawahi kumsikia akiwa na uhakika kiasi kile.

Mjomba alikuwa kwenye mitungi yake, mkono mmoja ukipapasa mfuniko. Nilipanga maneno njiani, ya kuzunguka, ya kupaka mafuta. Nilipofika yote yalikwisha.

“Mjomba, huoni.”

“Salamu kwanza.”

“Shikamoo, mjomba. Huoni.”

“Marahaba. Nani kasema?”

“Nasema mimi.”

Akafunika mtungi. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na nilijiandaa kusemwa tangu siku niliyozaliwa. Nikawahi kumwambia kwamba nimekata tena kibonge cha mkwewe, na rangi nimetia mimi, na namwomba aje kwenye ile hadubini ya watu wawili, ambayo mwalimu hukaa upande huu na mwanafunzi upande ule. Alikuja. Akakaa upande wa mwalimu. Nikaweka kioo chake cha zamani, kisha nikaweka changu, kisha nikarudisha chake.

“Unaona nini, mjomba?”

Alizungusha kitufe mbele, akakizungusha nyuma. “Kote naona kilekile,” akasema.

“Kilekile nini?”

“Ukungu.” Akazungusha tena kidogo. “Nilidhani ni taa.”

Koki ile mpya ilikuwa ikidondosha tone lake. Kisha akasema kwa sauti yake ya darasani, “Weka kioo chako. Nisomee.”

“Viini ni vya buluu, mjomba. Si vyeusi.”

“Ukubwa?”

“Vimevimba kidogo, lakini vinalingana.”

“Ukingo?”

“Laini.”

“Kromatini.”

“Chembe ndogondogo. Zimesambaa. Naona na kidoa cha katikati.”

“Mabonge?”

“Nimetafuta, sijaona.”

“Na kwenye changu?”

Nilitamani kusema uongo. “Wino, mjomba. Wino kila mahali.”

Akainua kichwa kutoka kwenye hadubini. Macho yake, nilipoyatazama kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, yalikuwa na utando wa kijivu ambao mtoto wa shule angeuona. Tulikuwa maabara nzima ya watu wanaolipwa kwa kutazama. “Kwa hiyo haikujikaza yenyewe,” akasema. “Niliikaza mimi.”

Akaosha mikono, kwa mazoea, kwa kuwa haijawahi kutakata. Akatundika koti jeupe kwenye msumari wake. Akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi mpaka ofisi ya kiongozi, akamweleza mwenyewe, kwa maneno machache, bila kumtaja mtu mwingine. Kiongozi aliyekuwa akiandika barua ya taa aliiweka kalamu chini.

Daktari Huenda alisoma kioo changu Jumanne. Aliandika: uvimbe wa kawaida wa mlango wa kizazi, si saratani. Niliigeuza karatasi nikilitafuta lile neno lake hata upande wa nyuma. Halikuwepo. Mpasuaji akafuta Alhamisi, wifi akapewa dawa za kumeza na siku ya kurudi kuangaliwa. Sisi tukatoa vibonge vyote vya miezi ya giza, nikakata mpaka bega likaniuma. Wengi wa wale waliojaa kwenye benchi walikuwa na seli zilizotulia. Wanawake wawili walikuwa wagonjwa kweli. Hata kwa rangi nyepesi kromatini yao ilikuwa mabonge, na wao walianza matibabu wiki ileile. Mjomba naye alipelekwa kwa daktari wa macho, akaambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, atasafishwa. Nyumba iliyokuwa ikisubiri mtoto ilipata huyo kwanza.

Jumatano alasiri nilimsindikiza nyumbani. Wifi alikuwa sebuleni akipiga pasi mashati ya watu. Mjomba akakaa kwenye kiti chake, akamwambia aache pasi, akae, na akae kiti kizima, si ukingoni. Wifi akakaa ukingoni.

“Ulijua kwamba sioni.”

“Nilijua, baba.”

“Ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

“Kwa nini?”

“Ungeaibika.”

Mjomba alilitafuna hilo jibu. “Ungetolewa kizazi ili mimi nisiaibike,” akasema. Wifi alitazama sakafu. Mjomba alipozungumza tena sauti haikuwa ya darasani. “Nisamehe, mwanangu. Na sasa sikiliza. Kuanzia leo, nikikosea niambie. Sikuombi, nakuamuru. Uanze sasa hivi.”

“Hakuna kitu, baba.”

“Kipo.”

“Shati umeligeuza. Mishono iko nje.”

Akapapasa bega. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimetembea naye hivyo toka hospitali. “Endelea,” akasema.

“Ua la pale barazani, lile la pembeni, unalolimwagilia kila asubuhi. Ni la plastiki.”

Nilicheka, nikashindwa kujizuia, na mjomba akacheka mpaka akakohoa. Hata wifi alitabasamu. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko kwa muda. “Endelea,” mjomba akasema, akifuta macho yake kwa mgongo wa kidole cha buluu. “Endelea, nimezoea sasa.”

Wifi hakuendelea. Alikaa akikunja na kukunjua pindo la khanga. Kisha akasogea nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kiti, akainua uso, akamtazama baba mkwe wake machoni. Mjomba asingeweza kuuona uso ule. Mimi niliuona.

“Siku ile uliponiambia nikubali, nikaenda jikoni,” akasema. “Ulimwambia mume wangu asihuzunike, yeye bado ni kijana, ataoa mwingine wa kumzalia. Mlango ulikuwa wazi, baba.”

Mkono wa mjomba ulikwenda kwenye jicho, ukarudi gotini. Tulikuwa tumeshalaumu muuza rangi, tukalaumu maji, tukalaumu taa, na sasa tulikuwa na ugonjwa wenye jina na tarehe ya kusafishwa.

“Hilo halikuwa jicho,” akasema mwishowe.

“Hapana, baba,” wifi akasema. “Hilo halikuwa jicho.”

Akasubiri kidogo, kwa adabu, kama kuna lingine. Halikuwepo. Akanyanyuka akarudi kwenye pasi, maana mashati ya watu yalitakiwa jioni ile.